Fahamu Programu za Simu Zinazoonesha Wigo wa Sauti na Mipaka ya Matumizi Yake

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayesumbuliwa na kelele anaweza kutumia simu janja kutambua aina ya sauti inayomfikia. Hata hivyo, picha inayoonekana kwenye kioo cha simu ina mipaka ambayo inafaa kueleweka kabla ya kuwasilisha malalamiko.

Miongoni mwa programu zenye uwezo huo ni phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha nchini Ujerumani, ambayo hupatikana bila malipo.

Namna inavyofanya kazi

Kipaza sauti cha simu hupima mawimbi ya sauti mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida mara 48,000. Programu huyagawa masomo hayo katika mafungu, kisha hukokotoa masafa yaliyomo kwa mbinu ya haraka iliyochapishwa mwaka 1965 na wanahisabati James Cooley na John Tukey wa Marekani. Matokeo huchorwa kwenye grafu: mstari wa mlalo huonesha masafa kwa Hezi na wa wima huonesha nguvu ya sauti.

Ukubwa wa fungu ni uamuzi muhimu kwa mtengenezaji. Fungu la masomo 4,096 hutenganisha masafa yanayopishana kwa takriban Hezi 12. Fungu kubwa zaidi hutenganisha vizuri zaidi, lakini grafu hufuata mabadiliko ya sauti kwa kuchelewa.

Kwa mfano, umeme wa gridi nchini ni wa Hezi 50, hivyo transfoma inayovuma huonesha vilele katika Hezi 100, 200 na 300. Besi ya muziki, ambayo hupenya kuta kwa urahisi, huonekana upande wa kushoto wa grafu.

Kwa nini programu ihuishwe

Simu nyingi huchuja sauti ili mazungumzo yasikike vizuri, jambo linalopotosha vipimo. Toleo la Android 7.0 la mwaka 2016 liliwapa watengenezaji njia ya kuomba sauti isiyochujwa, kwa simu zinazoiruhusu. Programu isiyohuishwa inaweza kuendelea kuonesha sauti iliyokwishabadilishwa.

Tangu Android 6.0, programu hulazimika kuomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti, na kuanzia Android 12 alama huonekana kwenye kioo kinapotumika. Mwananchi anashauriwa kuiondoa ruhusa hiyo anapomaliza kazi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inasimamia ukusanyaji wa taarifa za watu, hivyo mazungumzo ya majirani yasirekodiwe wala kusambazwa.

Mipaka ya kipimo

Desibeli zinazosomwa kwenye simu isiyohakikiwa hutofautiana kati ya simu moja na nyingine. Hazichukui nafasi ya kipimo cha mkaguzi mwenye kifaa kilichohakikiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Kwa hiyo, mwananchi aandike tarehe, saa, muda na mahali kelele inaposikika, kisha awasilishe malalamiko katika halmashauri yake au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Grafu ya simu itamsaidia kueleza tatizo. Kipimo rasmi ndicho kitakachothibitisha iwapo kiwango kilichowekwa kimezidishwa.