Mteja Aliomba Bourbon, Mimi Nikampelekea Moshi

Leo naongea zaidi na wanaouza vinywaji vikali mtandaoni, ila hata wewe wa mafuta ya nywele soma tu, yaliyonikuta yanaweza kukukuta.

Mwaka jana dada mmoja aliniandikia inboksi: "Kaka nahitaji bourbon nzuri, ni zawadi ya baba mkwe, anastaafu Ijumaa." Sikumuuliza swali hata moja. Nikampiga picha chupa ya bei kubwa kuliko zote niliyokuwa nayo, imeandikwa Whisky kwa herufi kubwa, nikaona hapa nimemaliza. Hela ikaingia, boda akapeleka. Jumamosi asubuhi nakuta meseji ya sauti. Mzee amefungua chupa mbele ya wageni, akanusa, akauliza nani kamletea dawa ya vidonda. Dada wa watu kaaibika ukweni. Alimalizia hivi: "Kaka, wewe unajua unachouza?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Nilikuwa najua bei tu. Nikamrudishia hela yake yote, na chupa ikabaki hukohuko ukweni. Hasara ile iliniuma, lakini lile swali liliniuma zaidi.

Nikaanza kusoma lebo. Kumbe nilimpelekea wiski ya Scotland, kutoka kisiwa kinaitwa Islay. Kule wengi wanakausha shayiri yao kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mabwawani unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Moshi unaingia kwenye nafaka na haumtoki tena. Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin zote zinatoka kisiwa hicho. Anayeipenda anaipenda kweli kweli, anaweza kuitafuta mji mzima. Asiyeijua anasikia harufu ya hospitali.

Bourbon ni kitu kingine kabisa. Ni wiski, ndiyo, ila ina sheria zake. Lazima itengenezwe Marekani. Wengi wanadhani ni Kentucky peke yake; hapana, jimbo lolote linaruhusiwa, ingawa nyingi zinatoka Kentucky kweli. Katika nafaka zake, mahindi yasipungue asilimia 51. Na lazima ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikashika mkaa. Hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha. Ikitoka mtamboni ni nyeupe kama gongo. Ile rangi ya kahawia, ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua, vyote vinatoka kwenye mti. Scotland wao wanaruhusiwa kuongeza rangi ya karameli, kwa hiyo usimwambie mteja kwamba iliyokolea rangi ndiyo iliyokaa sana.

Sasa hilo pipa likishatumika mara moja haliwezi kutengeneza bourbon nyingine, maana sheria inataka jipya. Mapipa mengi yanauzwa Scotland na Ireland, nao wanalaza wiski zao humo. Hapo nilicheka peke yangu. Wenzetu hata pipa kuukuu wanalitafutia mteja!

Kusoma tu hakukutosha. Nikatafuta chupa ndogo ndogo, nikawaita washkaji wawili, Jumapili jioni tukakaa nyuma ya duka. Glasi za aina moja, kila mtu anamiminiwa kama vifuniko viwili vya soda tu. Hatukuanza na mishkaki, pilipili inaua ulimi. Unanusa kwanza mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo spiriti inakuchoma pua na husikii kitu. Unaonja kidogo, unazungusha mdomoni, unameza. Halafu unatia matone ya maji na kuonja tena. Hayo matone usiyadharau, harufu nyingine hujitokeza hapo tu. Katikati unakunywa maji.

Tulianza na Jim Beam, halafu Maker's Mark. Zote bourbon, zote Kentucky, lakini haziko sawa. Jim Beam ina nafaka iitwayo rai, ndugu yake ngano, kwenye chupa utaiona imeandikwa Rye. Inaleta ukali fulani kama wa pilipili manga. Maker's Mark wameitoa rai wakaweka ngano. Ni laini, tamu, mdomoni inateleza. Mshkaji wangu mmoja ambaye siku zote anasema pombe kali zote ni moja, hapo alinyamaza.

Ikafuata Jack Daniel's. Hii ndiyo inayoleta ubishi inboksi kila wiki. Inatoka Tennessee, ina mahindi mengi, inakaa kwenye mapipa mapya, lakini wenyewe hawaiiti bourbon, wanaiita wiski ya Tennessee. Kabla haijaingia kwenye pipa inachujwa taratibu kwenye mkaa wa mti wa mepo. Tuliyoisikia sisi ni utamu wa ndizi mbivu. Na kuna habari ambayo wateja wangu wanaipenda: aliyemfundisha Jack Daniel kukeneka alikuwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Nathan Green, wakimwita Nearest. Tangu 2017 kuna wiski nyingine yenye jina lake, Uncle Nearest.

Jameson ya Ireland inakenekwa mara tatu, nyepesi, kama tufaa la kijani. Kwa mtu anayeanza naishauri hii. Mwisho Johnnie Walker Black, na ina moshi kwa mbali, kama umepita jirani na mtu anayechoma mahindi. Tungeanza nayo, zile za mwanzo zisingesikika vizuri. Kwa hiyo ukionjesha watu, ya moshi iweke mwisho.

Suala la miaka limenisumbua sana. Black imeandikwa 12, na huo ni umri wa ile changa kuliko zote zilizochanganywa humo ndani. Mteja akiona bourbon ya miaka 6 anasema hiyo ni mtoto. Mweleze kwamba Kentucky majira ya joto ni makali na pipa ni jipya, pombe inaingia kwenye mti na kutoka, inaiva mapema. Bourbon iliyoandikwa Straight imekaa si chini ya miaka 2, na ikiwa chini ya miaka 4 lazima umri uandikwe. Ukiona Bottled in Bond, hiyo ni sheria yao ya 1897: mtambo mmoja, msimu mmoja, angalau miaka 4, asilimia 50 kamili.

Na ile Proof, jamani. Mteja aliniuliza kama Wild Turkey 101 ina pombe asilimia 101. Usicheke, mimi mwenyewe sikuwa na jibu siku hiyo! Kwa Wamarekani unagawa kwa mbili, inakuwa 50.5.

Dukani nimebadilisha vitu vichache. Chupa zinasimama wima, hazilazwi kama mvinyo, maana pombe kali inakula kizibo. Haziko dirishani kwenye jua. Chupa tupu za bei nachana lebo kabla ya kutupa, kwa sababu kuna watu wanazitafuta wazijaze uchafu. Mzigo ukiingia nahakiki stempu ya TRA kwa simu kabla sijalipa, na anayeuza bila stempu simsikilizi hata anipunguzie nusu. Leseni ya vileo ninayo, na boda wangu anajua kuwa mtoto akija kupokea mlangoni, chupa inarudi.

Kwenye maelezo ya picha zamani niliandika "Original, karibuni sana." Sasa naandika imetoka wapi, ina moshi au haina, tamu au kali, asilimia ngapi. Maswali yamepungua, na wanaouliza wengi wananunua.

Yule dada alirudi mwezi wa Desemba. Sikuamini nilipoona jina lake. Safari hii nilimuuliza kwanza, mzee huwa anakunywa nini hasa? Akasema subiri nimpigie mama. Baada ya dakika kumi akajibu: "Hajui jina, anasema ile yenye nta nyekundu imemwagikia shingoni." Nikamtumia picha ya Maker's Mark. Akajibu kwa neno moja tu: "Hiyohiyo."