Sumu ya nyoka na kansa: tusidanganyike

Hapa kambini tunasikia eti sumu ya nyoka inaponya kansa. Ukweli ni upi?

Sumu ya nyoka mmoja wa Brazili iliwaonyesha wataalamu njia ya kutengeneza kaptoprili, dawa ya presha iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Lakini vidonge vyenyewe havina sumu, vinatengenezwa kiwandani.

Kuhusu kansa, wataalamu wa California walitoa protini katika sumu ya nyoka, ikapunguza kukua kwa uvimbe katika panya wa maabara. Kwa binadamu bado si dawa.

Kwa hiyo mama, ukigusa kivimbe kwenye titi, hata kama hakiumi, usingoje mwenye nyoka. Nenda kliniki mapema. Ukiogopa, mwombe jirani akusindikize.