Carnivore: Pundamilia alivyotoweka kwenye sahani, muziki ukabaki

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Lang'ata na kupita uwanja wa ndege wa Wilson, hukawii kufika Carnivore. Jina hilo maana yake ni mnyama anayekula nyama. Kwa zaidi ya miaka 40, watu wamekuwa wakikata kona hapo kwa mambo mawili: kula nyama choma, na kucheza muziki hadi usiku wa manane.

Kuna swali ambalo wageni wengi bado huuliza wakishaketi: mbona nyama ya pundamilia haipo?

Ilivyoanza

Carnivore ilifunguliwa mwaka 1980 na kampuni ya Tamarind, ambayo tayari ilikuwa inajulikana kwa mikahawa ya samaki na kamba.

Mlangoni kulijengwa jiko kubwa la mviringo la makaa. Nyama hudungwa kwenye sime za Kimasai, ikiiva wahudumu huzunguka nayo na kumkatia kila mtu kipande kwenye sahani ya chuma iliyopashwa moto. Bei ni moja, unakula hadi ushindwe. Mezani kuna kibendera kidogo cheupe. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja. Ukikilaza, umesalimu amri.

Kinywaji kilichopata sifa hapo kinaitwa dawa: vodka, ndimu na asali, unakoroga kwa kijiti.

Mwaka 2002, jarida la Restaurant la Uingereza liliitaja Carnivore katika orodha yake ya mikahawa 50 bora duniani. Kilichowavutia wageni si mbuzi wala kuku. Ni pundamilia, kongoni na swala.

Lakini si uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku?

Ndiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, miaka mitatu kabla ya Carnivore kufunguliwa. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Marufuku hiyo ilimlenga mwindaji. Baadhi ya ranchi za watu binafsi zilipewa kibali maalum cha kuchinja idadi fulani ya wanyama waliokuwa wakiishi katika ardhi yao na kuuza nyama yake. Moja ilikuwa katika uwanda wa Athi, kusini mashariki mwa jiji. Katika miaka ya 1990, Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilipanua mpango huo na ranchi nyingine zikapewa mgao.

Ndiyo maana mtu angeweza kula pundamilia Lang'ata kihalali, ilhali kilomita chache tu kutoka hapo, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kumgusa mnyama huyo huyo ni kosa la jinai.

Kwa nini ilisitishwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mpango huo. Sababu kubwa ni hii: nyama ikishachunwa na kuchomwa, nani atajua imetoka wapi? Swala wa ranchi yenye kibali na swala aliyenaswa kwa mtego wa waya wanafanana kabisa wakiwa kwenye sahani. Watetezi wa wanyama walisema soko halali lilikuwa linaficha soko haramu.

Wenye ranchi nao walikuwa na hoja yao. Wanyamapori wengi wa Kenya wanaishi nje ya mbuga, kwenye ardhi ya wafugaji na wakulima. Pundamilia anakula nyasi ambazo ng'ombe angekula. Kama mwenye ardhi hapati hata shilingi moja kwake, kwa nini asiweke ua na kufuga ng'ombe tu?

Mzozo huo haujaisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, mwaka ule ule wa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ongezeko la watu, la mifugo na la makazi. Kwa hiyo marufuku peke yake haikuwaokoa, ingawa hilo si ushahidi kwamba kuwauza kungewaokoa.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka adhabu kali zaidi. Leo nyama za ajabu zinazobaki kwenye jiko la Carnivore ni mamba na mbuni, na hao hufugwa.

Usiku uliobaki

Wengi wangedhani mkahawa uliojengewa sifa na nyama ya porini ungekufa nayo. Haukufa, na sehemu ya jibu iko upande wa pili wa ua huo huo, katika Simba Saloon.

Mtalii huja kwa msimu, lakini Mkenya huja wikendi mwaka mzima, na Simba Saloon ikampa Mkenya huyo usiku wake. Kulikuwa na usiku wa roki, usiku wa Waluo wenye benga, na usiku wa mugithi. Mugithi kwa Kikuyu ni gari la moshi: mwanamuziki mmoja na gitaa lake, halafu wachezaji wanashikana migongoni na kuzunguka ukumbi kama mabehewa.

Wakati huo lilikuwa jambo kubwa. Muziki wa lugha za nyumbani ulionekana wa baa za mtaani, si wa mahali pa watu wenye magari. Redio nazo zilikuwa zinabadilika: Kameme FM, inayotangaza kwa Kikuyu, ilianza mwaka 2000. Karani wa ofisini aliyeisikiliza asubuhi kwenye matatu akawa anaicheza ngoma ile ile Lang'ata usiku, bila aibu.

Viwanja vya nje navyo vikawa mahali pa matamasha makubwa, hata kwa vijana ambao hawajawahi kulaza kile kibendera cheupe.

Jiko la makaa bado linawaka. Mbuzi yupo, ng'ombe yupo, kuku yupo. Anayemtaka pundamilia siku hizi apite langoni mwa mbuga, alipe kiingilio, na amtazame akila nyasi.