Fundi Anayepima na Fundi Anayekisia: Viwango vya Ufundi wa Zana za Kilimo na Manufaa Yake kwa Mkulima

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Msimu wa kilimo hausubiri. Trekta likiharibika wiki ya kwanza ya mvua, siku zinazopotea hazirudi hadi mwaka unaofuata, na hasara iliyoanzia shambani huonekana ghalani. Pawatila, matrekta, mashine za kupukuchulia mahindi na pampu za umwagiliaji zinazotumia nguvu ya jua si vitu vigeni tena vijijini. Swali linalobaki ni nani anayezitengeneza zinapoharibika, na anazitengeneza kwa kiwango gani.

Makala haya yanaeleza maana ya kiwango katika ufundi wa zana za kilimo, namna mafunzo yake yalivyopangwa nchini, njia iliyo wazi kwa fundi aliyejifunzia kazi gereji, na mambo ambayo mkulima mwenyewe anaweza kuyadai kabla ya kukabidhi mashine yake.

Kiwango ni nini?

Katika ufundi, kiwango ni kipimo ambacho watu wawili wasiofahamiana wakikitumia hupata jibu lile lile. Mfano mzuri ni kifuniko cha silinda cha injini ya dizeli. Nati zake hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji, kwa hatua, na kwa mpangilio maalumu ambao kwa kawaida huanzia katikati kwenda pembeni. Fundi anayekisia hukaza kila nati kadiri mkono wake unavyomwambia. Injini itawaka na mteja ataondoka ameridhika, lakini upande mmoja ukibanwa kuliko mwingine gasketi hupasuka, maji huingia kwenye oili, na gharama iliyokuwa ya gasketi moja hugeuka kuwa ya injini nzima.

Kipimo hakiishii kwenye injini. Mahindi yakipandwa kwa nafasi inayotumika sana ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari moja hubeba karibu mimea 18,000. Mashine ya kupandia ambayo kisahani chake cha kuhesabia mbegu kimechakaa, ikaruka shimo moja katika kila matano, humpunguzia mkulima mimea ipatayo 3,600 kwa ekari. Mkulima atalaumu mbegu au mvua, kumbe kosa lilikuwa la mashine ambayo hakuna aliyeipima kabla haijaingia shambani.

Kiwango pia hulinda uhai. Shafti iliyo nyuma ya trekta inayoendesha mashine nyingine, ambayo mafundi huiita PTO, kwa matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ncha ya kanga au mkono wa shati ukinaswa, mtu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Ndiyo maana shafti hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kifuniko cha kinga. Fundi aliyefunzwa vema hairudishi mashine kwa mwenyewe bila kifuniko hicho, hata akiambiwa kinachelewesha kazi.

Elektroniki imeingia shambani

Zamani fundi wa trekta alihitaji spana, nyundo na sikio zuri. Leo matrekta mengi mapya yana sensa za joto na shinikizo la oili, na baadhi huongozwa na kompyuta ndogo inayoamua kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye injini. Fundi anayepima waya kwa kuugusisha kwenye chuma ili aone cheche anaweza kuiunguza kompyuta hiyo kwa mguso mmoja. Vivyo hivyo, mtu akichomelea chuma kwenye trekta la aina hiyo bila kutenganisha betri kwanza, mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kupita kwenye nyaya laini na kuziharibu. Tahadhari hiyo haimgharimu fundi chochote isipokuwa dakika chache, ila sharti awe amefundishwa.

Pampu za nguvu ya jua nazo zina masharti yake. Paneli kadhaa zikiungwa kwa mfululizo hutoa umeme wa DC ambao volti zake zinaweza kupita 100. Umeme wa DC hauzimi cheche kwa urahisi kama ule wa nyumbani, kwa sababu mkondo wake haukatiki hata kwa nukta ya sekunde. Swichi ya kawaida ya ukutani ikitumika kwenye mfumo huo yaweza kuungua na kuanzisha moto. Fundi mahiri huchagua swichi na fyuzi zilizotengenezwa kwa DC, hupima kwa multimita kabla ya kugusa, na humwachia mwenye pampu mchoro wa namna nyaya zilivyounganishwa.

Ngazi za mafunzo

Mafunzo ya ufundi stadi nchini husimamiwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwanafunzi hupanda ngazi tatu, kuanzia ya I hadi ya III, na kila ngazi ina cheti chake. Anayetaka kuendelea huingia vyuo vya ufundi vinavyotoa mafunzo ya ngazi ya 4 hadi ya 6, ambapo ngazi ya 6 ndiyo stashahada, kisha shahada na kuendelea. Baraza linalosimamia ubora wa elimu hiyo ni NACTVET, lililojulikana zamani kama NACTE. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza katika miaka ya 1970, navyo hutoa mafunzo ya ufundi kwa vijana na watu wazima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, ili kijana aanze kushika zana mapema.

Msingi wa mafunzo haya ni umahiri. Mwanafunzi hapimwi kwa kueleza tu jinsi injekta inavyofanya kazi. Hupewa injini yenye hitilafu, akatakiwa kuitambua, kuirekebisha na kuthibitisha kwa vipimo kwamba imepona. Jambo hili lina gharama. Chuo kinahitaji injini za kufunguliwa na kufungwa, vifaa vya kupimia vilivyo sahihi, na walimu ambao nao hurudi kazini mara kwa mara kujifunza mashine mpya. Mwanafunzi aliyehitimu bila kushika multimita hatofautiani sana na yule ambaye hakwenda chuo. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe chuoni ana haki ya kuuliza: karakana ina nini, wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, na mafunzo ya vitendo nje ya chuo huchukua muda gani.

Fundi aliyejifunzia gereji

Wapo mafundi wengi hodari ambao hawakukaa darasani. Walijifunza kwa kumsaidia fundi mkubwa tangu wakiwa vijana, na mikono yao imetengeneza mashine za kata nzima. Kukosa cheti kumewafungia milango: hawaajiriwi na kampuni, ni vigumu kwao kupata kazi za zabuni, na mteja mpya hana cha kumthibitishia uwezo wao.

Kwa ajili yao upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaotekelezwa kupitia VETA. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya. Panapoonekana pengo, kwa mfano usomaji wa michoro ya umeme au usalama kazini, hupewa mafunzo ya kulijaza, kisha hutathminiwa na kupatiwa cheti. Hatakiwi kuanza upya kama mtu asiyejua kitu. Mafundi wanaotaka kufuata njia hii wanashauriwa kuulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu, au kuanzia kwa Mtendaji wa Kata na Ofisa Maendeleo ya Jamii ili waelekezwe.

Fundi anayefunga mifumo ya umeme katika majengo anapaswa pia kukumbuka kwamba kazi hiyo inahitaji leseni ya EWURA. Cheti cha chuo pekee hakitoshi.

Zana nazo hupimwa

Ufundi mzuri hauwezi kuokoa zana mbovu. Kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kina jukumu la kufanya majaribio ya zana za kilimo ili kuona kama zinafaa kwa mazingira ya nchi yetu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia viwango vya bidhaa. Kikundi kinachotaka kununua trekta au pawatila kinashauriwa kumshirikisha ofisa kilimo kabla ya kulipa, na kuuliza mambo matatu: je, zana hiyo imefanyiwa majaribio, vipuri vyake vinapatikana wapi, na nani katika eneo hili anaweza kuitengeneza. Bei ndogo ya zana isiyo na vipuri huwa kubwa mno msimu wa pili.

Mambo ya kudai kwa fundi

Mwenye mashine anaweza kuinua kiwango cha ufundi katika kata yake kwa kufanya yafuatayo:

1. Kutunza kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji na kumpa fundi kabla ya kazi kuanza.
2. Kuwa na daftari la mashine, lenye saa za kazi, tarehe ya kubadilisha oili na filta, na matengenezo yote.
3. Kumtaka fundi aeleze kasoro aliyoiona na kipimo alichotumia kuitambua.
4. Kudai vipuri vya zamani virudishwe, ili ajue kilichobadilishwa.
5. Kutopokea mashine ambayo vifuniko vyake vya usalama vimeondolewa.

Bomba la kupulizia dawa pia hupimwa kwa njia rahisi. Mkulima apime eneo la mita 10 kwa 10, alipulizie maji matupu kwa mwendo wake wa kawaida, kisha aone ni lita ngapi zimetumika na kuzidisha kwa 40. Zikitumika lita 4, ekari moja itahitaji takriban lita 160, sawa na mabomba 10 ya lita 16. Hapo ndipo atajua dawa ya kuchanganya, bila kuunguza mazao wala kupoteza fedha.

Mikopo kwa vikundi vya mafundi

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya mafundi vilivyosajiliwa vinaweza kuomba mkopo huo kwa ajili ya vifaa vya karakana. Andiko la mradi linaloonyesha vyeti vya wanakikundi, vifaa vitakavyonunuliwa na wateja wanaotarajiwa hueleweka kwa urahisi zaidi kuliko ombi la jumla la fedha.

Wananchi wanahimizwa kufika ofisi za kata kwa maelekezo zaidi, na kupeleka mashine zao kukaguliwa sasa, kabla mvua hazijaanza na foleni ya gereji haijawa ndefu.