Nyumba ya Chuma Juu ya Maji: Somo la Joto na Hewa

Katikati ya nchi ya Uingereza kuna mifereji mingi iliyochimbwa kwa nguvu za mikono katika karne ya 18 ili kusafirishia makaa ya mawe, vyombo vya udongo na bidhaa nyinginezo za viwanda. Mhandisi James Brindley, aliyeanza kuchimba mfereji wa Trent and Mersey mwaka 1766, aliyafanya malango yake ya maji kuwa membamba, upana wa kama mita 2.1 tu. Lango la maji ni chumba chenye milango pande mbili. Maji huingizwa au kutolewa humo ili mashua ipande au ishuke mahali penye mwinuko. Uamuzi huo ulifunga umbo la mashua kwa zaidi ya karne mbili: upana usizidi mita 2.08, ingawa urefu waweza kufikia mita 22.

Wachukuzi wa mifereji hiyo waliishi mashuani pamoja na wake na watoto wao, katika chumba cha tezi chenye urefu wa kama mita 3, wakiota moto wa jiko dogo la makaa ya mawe. Msongamano ulikuwa mkubwa hata Bunge likapitisha sheria mwaka 1877 ya kuandikisha mashua hizo na kuweka kiwango cha watu wanaoruhusiwa kulala ndani. Barafu ya majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 iliifunga mifereji kwa majuma mengi, na biashara ya uchukuzi, iliyokuwa imekwisha kudhoofishwa na reli na malori, haikuinuka tena. Hata hivyo mashua hazikutoweka. Mwandishi L. T. C. Rolt alikuwa amekwisha kuonyesha njia mwaka 1939, alipoitengeneza mashua yake, Cressy, kuwa makao. Leo maelfu ya watu huishi katika mashua nyembamba.

Kuitengeneza mashua ya namna hiyo ikalike wakati wa baridi ni somo kamili la fizikia na kemia. Sehemu moja ya somo hilo imegharimu maisha ya watu, nayo yatuhusu hata sisi tusio na mifereji wala barafu.

Farumi kwanza

Mashua za siku hizi huungwa kwa mabamba ya chuma cha pua: aghalabu milimita 10 chini, milimita 6 ubavuni, na milimita 4 kwenye kuta za chumba na paa. Chini ni bapa. Kabla ya kutandika sakafu, fundi hupanga farumi, kama wafanyavyo mabaharia wa majahazi yetu. Ila farumi hii ni matofali au vipande vya zege. Kazi yake ni kuizamisha mashua kiasi cha kutosha na kuituliza isiyumbe.

Jiko la chuma likiwekwa upande mmoja, uzito wa kulisawazisha hauna budi kuwekwa upande wa pili. Tangi la maji aghalabu huwa omo. Kwa hiyo maji yanapotumika, omo huinuka kidogo kidogo. Fundi mwenye busara huiacha farumi katika hali ya kuweza kuhamishwa, kisha huirekebisha mashua ikiisha kujaa vyombo.

Joto hupotea wapi?

Hebu tuchukue chumba chenye urefu wa mita 12, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Kuta zake zote pamoja na paa ni mita za mraba 80. Ndani tunataka nyuzi 18 za Sentigredi. Nje ni nyuzi 2 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 20.

Chuma hupitisha joto kwa urahisi mno. Bamba tupu, hata tukihesabu tabaka nyembamba za hewa tulivu zinazoligusa ndani na nje, hupoteza kama wati 6 katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Basi: 6 × 80 × 20 = wati 9,600. Jiko la kawaida la mashua hutoa wati 4,000 hadi 5,000. Haliwezi kushinda.

Sasa tulihami bamba hilo kwa povu la plastiki lenye unene wa milimita 50. Upotevu hushuka hadi kama wati 0.6: 0.6 × 80 × 20 = wati 960. Povu jepesi, ambalo mtoto aweza kulibeba, limepunguza upotevu mara kumi. Nalo halina siri yoyote ila hewa iliyofungiwa katika vijumba vidogo isiweze kutembea.

Adui wa pili: mvuke

Binadamu hupumua mvuke, na sufuria hutoa mvuke. Hata moto wenyewe huzaa maji. Gramu 44 za propani, gesi ya mitungi, zikiungua sawasawa hutoa gramu 72 za maji. Maana yake kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, nayo yote huelea chumbani kama mvuke.

Mvuke huo ukikuta chuma baridi hugeuka matone. Matone huteremka nyuma ya mbao, yakaozesha mbao na kutia chuma kutu mahali pasipoonekana. Ndiyo sababu mafundi wengi hupulizia povu la poliyurethani linaloganda juu ya bamba lenyewe, pasibaki nafasi ya mvuke kupita.

Jiko na mabomba yake

Jiko huwekwa juu ya sakafu ya vigae, nalo hutengwa na mbao kwa nafasi ya hewa na ubao usioungua. Lakini chumba kirefu kama bomba kina tatizo lake: karibu na jiko watu hutoka jasho, na mwisho wa pili hutetemeka. Dawa yake ni birika lililojengwa nyuma ya jiko. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda katika bomba lililoinamishwa kidogo, hupasha vyumba vya mbali, kisha yakipoa hurudi chini kwa uzito wake. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala umeme.

Bei ya hewa

Mwandishi wa makala haya, zamani alipokuwa masomoni huko, alikaribishwa na mwanafunzi mwenziwe kulala mashuani usiku mmoja wa Januari. Upepo mwembamba ulipenya katika tundu karibu na kitanda. Akaliziba kwa soksi, akajiona mwerevu. Asubuhi mwenyeji aliiona soksi ile, akaichomoa, akamrudishia mgeni wake bila kutabasamu. "Tundu hili si kosa la fundi," alisema. "Hili ndilo linalotufanya tuamke."

Makaa yakipata hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni huungana na atomi mbili za oksijeni. Hewa ikipungua, au dohani ikizibwa na masizi, kaboni hupata atomi moja tu, na kaboni monoksidi hutokea. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni homa, akalala. Hatari huzidi usiku, jiko linapobanwa hewa ili liwake polepole hadi asubuhi.

Je, kuacha matundu wazi ni hasara kubwa? Tupige hesabu. Mita za ujazo 100 za hewa kwa saa zina uzito wa kama kilo 120. Kuzipasha nyuzi 20 kwahitaji jouli milioni 2.4. Kilo moja ya makaa ya mawe yasiyo na moshi hutoa kama jouli milioni 30, na jiko zuri hufikisha chumbani sehemu saba katika kumi, yaani milioni 21. Basi bei ya hewa safi ni gramu 115 hivi za makaa kwa saa, yaani kiasi cha kujaa kiganjani. Hiyo ndiyo akiba aliyoitafuta mwenye soksi.

Matundu huwekwa juu na chini. Yale ya chini yana kazi yake, lakini hayafiki ngamani, na propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Ikivuja hujikusanya huko kama maji katika beseni, ikingoja cheche. Wahenga walisema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Kwa hiyo mitungi huwekwa katika kisanduku chake chenye tundu la kumwagia gesi nje, juu ya usawa wa maji. Tena, tangu Aprili 1, 2019, kanuni za usalama wa mashua huko zadai kila mashua yenye vyumba vya kukaa iwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Lakini king'ora huonya tu. Hakichukui nafasi ya tundu wala ya dohani safi.

Jiko la mkaa chumbani

Mwezi wa Juni na Julai, baridi iingiapo Makete, Njombe na Lushoto, wapo watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na kuziba madirisha kwa matambara. Kemia yake ni ile ile ya mashuani, ila hali ni mbaya zaidi, kwa maana jiko hilo halina dohani kabisa. Jiko la namna hiyo halifai kulala nalo chumba kimoja, hata dirisha likiachwa wazi, na hata makaa yakionekana yamefifia.

Mwalimu aweza kuanza na makopo mawili ya maji moto, moja likiwa limefungwa kwa sufi, na kipimajoto katika kila moja. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba joto hutunzwa kwa kuhami chombo. Kisha wafikishe nyumbani nusu ya pili ya somo: blanketi la pili laweza kutuhami baridi, lakini hakuna blanketi la kuzuia hewa iliyokwisha kuharibika.