Harusi ya Askari Nakasero: Vyeti Kabla ya Karamu

Mtu apitaye Colville Street jijini Kampala siku ya Jumamosi si ajabu akalikuta Kanisa Katoliki la Kristo Mfalme limezungukwa na magari yaliyofungwa utepe. Katika mlima uo huo wa Nakasero liko Kanisa la Watakatifu Wote, kanisa kuu la Waanglikana wa Dayosisi ya Kampala iliyoundwa mwaka 1972. Kambi za Mbuya, Nsambya na Naguru haziko mbali, na askari anayekusudia kufunga ndoa katika makanisa hayo tunampongeza. Lakini tunapenda kumwuliza: je, ameanza na lipi?

Desturi ya mji wetu yajulikana. Sherehe ya kwanjula ikiisha, marafiki huunda kamati, mikutano hufanyika kila juma, ahadi za fedha huandikwa, na gharama hupanda hata mwenye harusi akashangaa. Tabaka za keki huhesabiwa kabla padri hajaambiwa jina la bibi harusi. Hatuna ugomvi na keki. Tunalosema ni kwamba ndoa ya kanisani ni tendo la dini na vile vile ni tendo la sheria ya nchi, na sheria haisubiri kamati.

Sheria ya Ndoa ya Uganda yataka taarifa ipelekwe kwa msajili wa wilaya na kubandikwa hadharani, na cheti chake hakitolewi kabla ya siku 21. Mmoja wa wachumba sharti awe amekaa katika wilaya hiyo siku 15 au zaidi. Ndoa isipofungwa ndani ya miezi 3 tangu taarifa kutolewa, yote hubatilika na kazi huanza upya. Kwa raia miezi 3 ni mingi. Kwa askari awezaye kupelekwa Karamoja, au kuvuka mpaka kama waliokwenda Somalia tangu mwaka 2007, ni michache mno. Kwa hiyo likizo na idhini ya mkuu wa kikosi vitafutwe mapema, kabla ya kutaja tarehe mbele ya wakwe.

Kanisa lenyewe lazima liwe limepewa leseni ya kufungisha ndoa. Ibada hufanywa kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Wachumba wakikubali kwa makusudi, huku wakijua, kufungishwa mahali pasipo na leseni, ndoa hiyo ni batili, hata kama wageni walikula wakashiba.

Padri naye ana masharti yake. Kwa Wakatoliki, mmoja wa wachumba awe mkazi wa parokia hiyo, ama walete ruhusa ya padri wao. Askari Mkatoliki aliye jeshini ana njia nyingine pia, kwa maana sheria aliyoitoa Papa Yohane Paulo II tarehe 21 Aprili 1986 humweka chini ya uangalizi wa padri wa jeshi bila kumtoa mikononi mwa parokia ya mahali.

Wengi hukasirika wanapoambiwa kuwa kadi ya ubatizo ya utotoni haitoshi na kwamba yatakiwa nakala mpya kutoka parokia walikobatizwa, pengine Arua au Kitgum. Sababu yake ni ya maana. Ndoa ya Mkatoliki huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kadi ya zamani haiwezi kusema kilichotokea baadaye. Nakala mpya husema.

Hapa ndipo penye uzito. Askari huhamishwa mara kwa mara, na hapana budi kukiri kwamba wapo walioacha mke kijijini aliyetolewa mahari, kisha wakamchumbia mwingine mjini. Matangazo yanayosomwa kanisani Jumapili tatu yamewekwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Aliye na mke wa kimila hana ruhusa ya kufunga ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine. Ni kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5. Afadhali pingamizi litokee siku ya tangazo kuliko siku ya maziko, wajane wawili wakisimama kando ya jeneza moja.

Maana kazi yetu ina hatari. Kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, marehemu asiyeacha wosia, asilimia 20 ya mali yake humwendea mwenzi wa ndoa na asilimia 75 watoto na wazao wake. Mwenzi hutambulikaje? Kwa cheti. Mwanamke aliyeishi na askari miaka 12 kambini bila cheti ataitiwa mashahidi na kuulizwa maswali hata matanga hayajaisha.

Kwa hiyo ibada ikiisha msikimbilie picha. Hakikisheni majina yameandikwa sawasawa na yalivyo katika kitambulisho, na mashahidi wametia sahihi. Mchungaji au padri ana wajibu wa kupeleka taarifa kwa msajili. Baada ya miezi michache ulizeni katika Ofisi ya Usajili ya Uganda kama imefika. Nakala moja abaki nayo mke, kwa kuwa sanduku la askari huhama pamoja naye.