Kuunganisha nyimbo za Pasaka kwahitaji maandalizi

Ibada ya Pasaka huwavutia waumini wengi kuliko ibada za Jumapili za kawaida. Miongoni mwao huwa wageni, na wengine ambao hawana vitabu vya nyimbo. Katika makanisa ya mitaa kama Bofu, eneo la Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, jukumu la kuwafanya wote waimbe kwa sauti moja huwa mikononi mwa mpiga kinanda.

Hata mpigaji hodari anaweza kulinyamazisha kanisa zima endapo ataanza wimbo kwa sauti ya juu mno, au akiacha kimya kirefu huku akitafuta ukurasa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuchagua nyimbo na kuziunganisha yafaa ikamilike siku kadhaa kabla ya ibada.

Jambo la kwanza ni kufuata mtiririko wa habari yenyewe: msalaba, kaburi, kisha ufufuo. Katika Kanisa Katoliki, kinanda hutumiwa tu kusaidia uimbaji tangu baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi Utukufu wa Kesha la Pasaka. Haleluya, ambayo haiimbwi kipindi chote cha Kwaresima, hurejea usiku huo wa kesha.

Kwa makanisa ya Kiprotestanti, utenzi wa Isaac Watts kuhusu msalaba, uliochapishwa mwaka 1707, hufaa kwa sehemu ya utulivu. Ule wa Robert Lowry wa mwaka 1874 una daraja ndani yake: beti zake huimbwa polepole kama watu waliosimama kaburini, na kiitikio huja kwa kasi na shangwe. Baada ya huo, wimbo wa ufufuo wa Charles Wesley wa mwaka 1739, wenye haleluya nyingi, huweza kufuata bila waumini kuhisi wameshtuliwa.

Jambo la pili ni ufunguo. Wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki hujifunza nyimbo kwa solfa, hivyo wanachohitaji kusikia ni mahali ilipo do mpya. Tuseme wimbo wa kwanza uko katika ufunguo wa F na wa pili katika G. Noti ya D, ambayo ni la katika ufunguo wa F, ndiyo so katika ufunguo wa G. Mpigaji akiishikilia noti hiyo, kisha akaongeza noti za F kreshi, A na C, masikio ya waimbaji huitarajia G yenyewe. Daraja hilo lahitaji sekunde chache tu.

Mapigo nayo yasisahauliwe. Wimbo wa mapigo matatu ukifuatwa na wa mapigo manne, ni vyema mpigaji amalize wa kwanza, apunguze mwendo, kisha apige mstari wa mwisho wa wimbo unaofuata kwa kasi mpya. Waumini hupata sauti, mwendo na nafasi ya kuvuta pumzi kwa wakati mmoja.

Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kushusha au kupandisha ufunguo. Kitufe hicho huwafaa wazee na wanaume wa sauti nzito, lakini mpigaji akisahau kukirudisha mahali pake, wimbo unaofuata huanza pasipotarajiwa. Yafaa aandike kwenye karatasi moja ufunguo, idadi ya beti na daraja la kila wimbo.

Kiongozi wa ibada naye atangaze jina la wimbo pamoja na nambari yake, kwa kuwa wenye Tenzi za Rohoni na wenye Nyimbo Standard hawafuati mpangilio mmoja.

Pasaka huadhimishwa kati ya Machi 22 na Aprili 25, majira ambayo mvua za masika hunyesha pwani na umeme huweza kukatika. Kwaya iliyofanya mazoezi ya kuvuka kila daraja bila kinanda, ikiongozwa na mwimbaji mmoja anayetoa do, itaendelea kuimba hata giza likiingia, na waumini wataifuata.